Msimamizi na Karatasi ya Majina



Majuma matatu yaliyopita alinijia ofisini mzee mmoja wa upande wa Matombo, simu mkononi, na usoni ana neno. Mimi nimezoea kuwasomea watu barua zao na kuwaandikia majibu. Siku hizi barua ni chache, ujumbe wa simu ndio mwingi, lakini kazi ni ile ile: mtu hakuelewa alichoandikiwa, au ameelewa vizuri mno na anataka kulisikia kwa mdomo wa mwingine. Mzee akaketi, akanipa simu, akasema, "Mwalimu, mpwa wangu ananiuliza shauri. Mimi ni mjomba wake, siwezi kumjibu kwamba sijui. Nisomee kwanza."

(Mimi si mwalimu tena, ni karani wa parokia. Lakini kwetu aliyepita chuo cha ualimu jina hilo halimtoki, hata akiuza dagaa.)

Ujumbe ulikuwa mrefu. Kijana yuko Morogoro mjini, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Aliingia akiwa mbeba mizigo, akajifunza mashine, na mwaka huu amefanywa msimamizi wa watu 32. Sasa wamekuja watu wa chama cha wafanyakazi, wanaandikisha wanachama. Wametangaza mkutano saa ya chakula, chini ya mwembe ulio karibu na geti. Meneja akawaita wasimamizi wote, akafunga mlango, akawaambia, "Ninyi si wafanyakazi, ninyi ni kampuni. Msimamizi haruhusiwi kuingia chama." Kisha akampa kila mmoja karatasi, aandike majina ya watu wake watakaokwenda mwembeni, airudishe siku ya Ijumaa.

Kijana aliuliza mambo matatu. Je, ni kweli kwamba haruhusiwi kuingia chama? Je, aandike majina? Na je, akikataa atafukuzwa? Chini kabisa ameandika: "Mjomba, nina mtoto wa miezi minne."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba mzee arudi Alhamisi, kwanza kwa sababu nilitaka kuisoma sheria kwa macho yangu, na pili kwa sababu habari ya karatasi ya majina ilinigusa mahali, nami nitawaeleza mbele kidogo. Leo naliandika jambo hili hapa kwa kuwa najua halikumfika mzee yule peke yake. Ni nyumba ngapi katika milima hii zisizo na mtoto aliyeteremka mjini kutafuta kazi? Na watoto wetu wenye bidii ndio wanaofanywa wasimamizi. Wazazi tunashangilia, tunachinja kuku, wala hatuulizi kazi hiyo ina miiba gani.

Kazi yenyewe si ngeni, ni majina tu yanayobadilika. Bandarini Mombasa aliitwa serahangi, naye ndiye aliyekusanya genge lake na kuchagua nani apate kazi siku ile na nani arudi nyumbani. Karakana za reli walisema foromani. Siku hizi viwandani wanasema supavaiza. Lakini jina linalojulikana zaidi kwetu ni la mashamba ya mkonge, yaani nyapara.

Wazee walioshuka kufanya kazi katika mashamba kama Tungi na Pangawe walituachia habari zake. Mtu wa mkonge alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, naye alitakiwa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Kipande kikijaa ndipo anapata mshahara. Mkataji aliamka gizani, akakata majani, akayafunga mafungu ya majani 30, akayapanga kando ya njia yachukuliwe kwenda korona. Nyapara alipita akihesabu. Fungu likipungua, au nyapara akisema limepungua, siku ile haikuandikwa, na jua lote lile likawa limempiga mtu bure. Nguvu yote ya nyapara ilikuwa katika alama hiyo moja ya kalamu. Walikuwako manyapara waadilifu, na walikuwako waliopokea kuku ili wahesabu vizuri.

Sasa fikirini vyama vya wafanyakazi vilipoanza. Shirikisho la vyama hivyo katika Tanganyika, lililojulikana kwa herufi TFL, liliundwa mwaka 1955, na Bwana Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Miaka michache baadaye wafanyakazi wa mkonge wakawa na chama chao, kikiongozwa na Bwana Victor Mkello. Zaidi ya watu 100,000 walikuwa kazini katika mkonge wakati ule, nao hawakuwa rahisi kuandikishwa. Wengi walikuwa manamba waliotoka mbali, wakilala katika kambi za shamba, yaani ndani ya nyumba za mwenye shamba. Mtu wa chama aliyetaka kuwafikia hakuwa na njia ila kukanyaga ardhi ya bwana shamba. Na nani kambini alijua kila jioni kwamba fulani kaketi na fulani, na mgeni kalala nyumba ipi? Nyapara. Basi mwenye shamba alimtaka awe jicho lake, na wafanyakazi walimtaka asione kitu. Naye alikuwa akila nao, akizikana nao.

Sisi wa Uluguru hatuna haja ya kwenda mkonge kulijua jambo hilo. Serikali ya Waingereza ilipoleta mpango wake wa kuhifadhi ardhi ya milima hii, miaka ya mwanzo ya 1950, watu walitakiwa wachimbe matuta ya ngazi hata mahali ambapo waliona udongo hauyataki. Amri ilitoka bomani, lakini waliotumwa kuwasukuma watu shambani ni wakubwa wadogo wa vijiji, ndugu za wale wale wachimbaji. Mnajua mwisho wake: Julai 1955 fujo zilizuka Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukaachwa. Watawala wa kigeni walirudi kwao. Wakubwa wadogo walibaki papa hapa, wakisalimiana na majirani kila asubuhi.

Turudi kwa kijana wetu. Huenda mtu atauliza, ikiwa mambo haya ni ya zamani hivyo, mbona leo wasimamizi na mameneja wanayaendesha kama watu waliozaliwa jana? Nadhani ninayo sababu. Baada ya Uhuru, Sheria ya mwaka 1962 iliifanya migomo iwe karibu haiwezekani. Mwaka 1964 vyama vyote vilivunjwa, kikawekwa kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Bwana Michael Kamaliza, naye alikuwa Waziri wa Kazi papo hapo. Ikafuata JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991. Katika miaka hiyo yote ada ilikatwa kwenye mshahara, na chama kilikuwa kimoja. Hapakuwa na mtu wa kupiga hodi kiwandani akiomba watu wajiunge kwa hiari. Vyama vilipopata tena uhuru wa kusimama vyenyewe, kwa sheria ya 1998 na ile ya 2004, meneja alikuwa hajapata kuona hodi hiyo, msimamizi hajapata, na mfanyakazi vile vile. Baba zetu hawakuweza kutufundisha desturi ambayo hawakuiona.

Basi sheria yasemaje? Ninayo mbele yangu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 9 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Kisha kinataja wachache wenye masharti yao. Mahakimu na waendesha mashtaka wawe na vyama vyao wenyewe. Na mfanyakazi wa uongozi wa juu asiwe katika chama kile kile cha watu wa chini yake. Hapo ndipo meneja alipoponyoka, au alipojaribu kuponyoka. Sheria haikuacha neno "uongozi wa juu" lielee hewani. Imesema ni mtu ambaye kwa cheo chake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na tena amepewa mamlaka ya kufunga mkataba wa hali bora kwa niaba ya mwajiri. Yote mawili, si moja.

Nilimwuliza mzee, "Mpwa wako anatunga sera za kiwanda?" Akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Hata sabuni ya kunawia mikono lazima aombe kwa karatasi."

Basi huyo si uongozi wa juu. Kuwapanga watu 32 kwenye mashine, kuandika mahudhurio, kuripoti mashine iliyoharibika, hayo hayamtoi mtu katika haki yake. Anaruhusiwa kuingia chama.

Sitaki kumwita meneja mwongo, maana hata uongo una historia yake. Maneno yale, kwamba msimamizi si mfanyakazi bali ni kampuni, yana nchi yake, nayo ni Marekani. Huko nyuma manyapara wa viwanda vya magari vya Detroit waliunda chama chao mwaka 1941. Kampuni ya Packard ilikataa kuzungumza nao, kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, na mwanzoni mwa mwaka 1947 manyapara wakashinda. Hawakuifaidi. Mwaka ule ule Bunge lao lilipitisha sheria iitwayo Taft-Hartley, ambayo iliwatoa wasimamizi katika ulinzi wa sheria ya vyama. Tangu hapo kampuni za huko huwatumia wasimamizi kama askari wa mbele chama kinapokuja. Vitabu vyao na video zao zinafika hapa kwa simu, na mtu akizisoma bila kuuliza ni sheria ya nchi gani, anaileta Detroit mpaka Morogoro. Sisi hatuko chini ya sheria hiyo. Nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kimataifa juu ya haki ya kujipanga na kujadiliana mwaka 1962, na ule wa uhuru wa kuunda vyama mwaka 2000.

Hata hivyo nilipata kitu chema katika vitabu vile vya Marekani, nami sioni haya kukichukua. Kule kule ambako msimamizi huhesabiwa kuwa mdomo wa kampuni, anaonywa mambo manne asiyatende wakati chama kinaandikisha watu: asitishe, asihoji, asiahidi, asipeleleze. Sheria yetu haikuyapanga hivyo kwa hesabu ya vidole. Yenyewe imesema kwa ufupi kwamba mtu yeyote asimbague mfanyakazi kwa sababu ya chama. Lakini ukitaka kujua ubaguzi huanzaje, huanza kwa mojawapo ya mambo hayo manne.

Kutisha kila mtu anakujua: "Chama kikiingia, kiwanda kitafungwa." Msimamizi anayesema hivyo hana hata ufunguo wa geti, lakini mwenye deni la kodi ya chumba atamwamini. Kuahidi ni kutisha kulikopakwa sukari: "Usijaze fomu, nitakuweka kwenye saa za ziada." Kuhoji kunaonekana kudogo. Unamkuta mtu kwenye mashine, unamwuliza kwa tabasamu, "Nawe umejiunga?" Kati ya marafiki swali hilo halina neno. Lakini wewe ndiye unayeandika kama amechelewa! Atajibu nini? Akisema ndiyo anaogopa, akisema hapana huenda amesema uongo, na wewe ndiye uliyemsukuma aseme.

La nne ni kupeleleza, na karatasi ya meneja ni hiyo. Kusimama karibu na mwembe na simu, kupiga picha, kumtuma mtu akasikilize, kuandika majina. Wengine hudhani kwamba mkutano ukiwa mahali pa wazi, basi kila mtu ana ruhusa kuandika aliyemwona. Tazameni tofauti. Jirani akipita akakuona umeketi, amekuona tu. Anayeshika kipande chako akikuandika, hilo ni jambo jingine.

Nimeahidi kuwaeleza kwa nini linanigusa. Nilipokuwa chuoni nilichaguliwa kiranja wa bweni. Nilikuwa na miaka 21, na nilikipenda cheo kile, sitaficha. Usiku mmoja wenzangu walikaa wakazungumza juu ya maharage yaliyokuwa na wadudu, wakakubaliana kumwandikia mkuu wa chuo barua. Hawakuvunja kitu, hawakupiga kelele. Asubuhi niliitwa ofisini, nikapewa karatasi na kalamu. Niliandika majina tisa. Nilijiambia kwamba kuandika si kuhukumu, mwenye kuhukumu ni mwingine. Wanane walilimishwa bustani juma zima. Wa tisa, ambaye ndiye aliyeshika kalamu ya barua, alirudishwa nyumbani mpaka muhula mwingine, na muhula ulipofika hakurudi.

Nilimkuta miaka mingi baadaye stendi ya Msamvu, anauza maji ya chupa kwa abiria. Alinisalimu kwa furaha, akaniuliza habari za wenzetu. Akanipa chupa ya maji, akakataa fedha yangu. Basi lilipoondoka bado nilikuwa nimeishika ile noti.

Kwa hiyo mzee aliporudi Alhamisi, swali la pili nililijibu upesi kuliko la kwanza. Asiandike.

Lakini sipendi msomaji afikiri kwamba naandika haya kuwapendelea watu wa chama. Kosa laweza kutoka upande wa pili pia. Kijana akijiunga, na huenda akajiunga, ataona jaribu jingine: kuchukua fomu 32, kuzigawa kwenye mashine zake, na kusimama juu ya kila mtu mpaka ajaze. Huo nao ni unyapara. Kujiunga ni kwa hiari. Ada haikatwi mpaka mfanyakazi mwenyewe ametia sahihi fomu ya kumruhusu mwajiri akate, na aliyejiunga anaweza kujitoa kwa kuandika barua ya mwezi mmoja mbele. Hata pale ambapo chama chenye wengi kimekubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao walipe ada ya uwakala, hakuna wa kulazimishwa awe mwanachama. Basi msimamizi na ajaze fomu yake moja, aliyoiandikia jina lake, na za wenzake awaachie watu wa chama wazigawe. Wao ndio waliotumwa kazi hiyo.

Na watu wa chama nao wana mipaka. Sheria inawapa haki ya kuingia mahali pa kazi kuandikisha wanachama, kuzungumza nao na kufanya mikutano, na wakipata wanachama kumi au zaidi wanaweza kufungua tawi. Lakini mwajiri anaweza kuweka masharti ya haki juu ya saa na mahali, ili watu wasiumie na kazi isiharibike. Kwa hiyo msimamizi akimwona mwandikishaji anazungumza na mtu aliye kwenye mashine inayozunguka, ana haki, na ana wajibu, kumwambia, "Ndugu, subiri saa ya mapumziko." Hajamzuia mtu chama chake, amemwokolea vidole vyake. Na akiulizwa yeye binafsi anakionaje chama, aseme anavyokiona. Ulimi wake haukufungwa, mradi haushikamani na daftari la mahudhurio.

Labda wako watakaouliza karani wa parokia anatafuta nini katika mambo ya kiwanda. Papa Leo XIII alikwisha kuandika mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, kwamba kujiunga pamoja ni haki ya mtu kwa maumbile yake, na dola haina ruhusa kuipiga marufuku. Kama Papa aliona inafaa kuliandika, karani naye anaweza kulisoma.

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo lililomletea mzee usiku bila usingizi. Je, atafukuzwa?

Nilimwambia kweli, wala sikumpaka mafuta. Mwajiri ana haki ya kumwadhibu msimamizi anayekataa agizo halali la kazi. Lakini agizo la kuandika nani ameketi wapi katika saa yake ya chakula ni gumu kuliita agizo la kazi, na zaidi kama majina yale ni ya kuwatafutia watu makosa. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya chama ni kinyume cha sheria, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu yake ilikuwa ya haki. Aliyeachishwa anaweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asikae nyumbani akilia na kungoja: ana siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa. Tume huanza kwa kuwapatanisha. Vyama vyenyewe, kama TUICO kwa watu wa viwanda na TPAWU kwa watu wa mashamba, vinaweza kumsindikiza mwanachama wao.

Hayo yote ni kweli, na ni kweli pia kwamba shauri huchukua muda, na mtoto wa miezi minne hanyonyi vifungu vya sheria. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Andika." Nikashika simu yake nikaandika kama alivyosema, nami nayaweka hapa kwa ruhusa yake.

"Mpwa wangu, karatasi usiijaze. Usiichane, maana ni mali ya watu. Mrudishie bwana mkubwa wako kwa mkono wako, peke yenu, si mbele ya wenzako. Mwambie, Bwana, nitakuandikia aliyechelewa, asiyekuja, na mashine iliyoharibika. Saa ya chakula ni yao. Usiongeze neno. Ukifukuzwa, njoo. Shamba la ukoo wa mama yako lipo, hakuna wa kukunyima, mimi nipo. Lakini kwanza usifukuzwe kwa uzembe wako. Fika kazini mapema kuliko wote."

Hayo ya mwisho sikuyafikiria mimi, na naona ndiyo yaliyokuwa na akili kuliko yote niliyomsomea. Msimamizi anayesimama katika jambo kama hili hutafutiwa kosa dogo, na kosa dogo hupatikana.

Jumamosi iliyopita mzee amerudi tena. Kijana alifanya kama alivyoambiwa. Meneja aliipokea karatasi tupu, akaitia katika droo bila kusema kitu. Wasimamizi wengine wawili walirudisha zao zimejaa. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, na kijana alikula chakula chake ndani, hakwenda na hakuchungulia. Fomu yake mwenyewe bado hajaijaza; anasema anafikiri. Sikumsukuma.

Jumatatu iliyofuata amehamishiwa zamu ya usiku. Hakupewa sababu. Mzee akaniuliza, "Hiyo ni adhabu, Mwalimu, au ni kazi tu?"

Nilimjibu kwamba zamu ya usiku ni kawaida kiwandani, lazima mtu ailale au aikeshe, na huenda ilikuwa zamu yake kweli. Huenda pia siyo. Atajua kwa kutazama: waliorudisha karatasi zilizojaa wamehamishwa nao, au wamebaki mchana? Nikamwagiza amwambie kijana anunue daftari dogo la shilingi chache, aandike humo tarehe, saa, nani alisema nini, kuanzia siku ile mlango ulipofungwa. Atunze hati zake za mshahara. Aandike barua fupi ya adabu kuomba sababu ya kuhamishwa, abaki na nakala. Kwani ugomvi ambao si wa kuachishwa kazi una siku zake pia za kufikishwa kwenye Tume, nazo ni 60 tangu ulipozuka.

"Zimekwisha ngapi?" akauliza mzee.

Tukasimama wote wawili mbele ya kalenda ya ukutani, nikaanza kuhesabu tangu Jumatatu ile. Zilikuwa zimekwisha siku sita. Mzee akaniomba nitie alama siku ya 60 kwa kalamu nyekundu, akaisogelea akaitazama sana, kisha akaniomba niiandike na kwenye kipande cha karatasi aende nacho.